Akwariamu ya Matumbawe: Maswali Yenu Kuhusu Fosfeti na Mwani Sugu

Barua za toleo hili karibu zote zinalalamikia mwani. Vipimo vyote vya fosfeti na naitreti, virutubisho vinavyoukuza, mtakavyoviona hapa ni miligramu kwa lita ya maji, isipokuwa tukitaja vingine.

Tangi langu ni la lita 250, lina miezi 14. Mawe yamefunikwa na mwani wa kijani kama nywele, lakini kila nikipima fosfeti napata 0. Kipimo kibovu, au mwani huu unaishi kwa hewa?
*Msomaji wa Mikocheni, Dar es Salaam*

Kipimo kinaweza kuwa kizima kabisa. Unachopima ni fosfeti iliyobaki majini baada ya mwani kushiba. Iliyokwisha kuliwa imo ndani ya hizo nywele unazoziona, na hakuna kipimo cha maji kitakachokuonyesha hiyo.

Anza na kinachoingia. Chakula kikavu cha samaki huwa na fosforasi karibu asilimia 1 ya uzito wake. Gramu 1 ya chakula ina miligramu 10 za fosforasi, ambazo zikigeuka kuwa fosfeti ni miligramu 30 hivi. Zigawe kwa lita 250: unapata 0.12 kwa siku moja. Sehemu hubaki mwilini mwa samaki na sehemu hutolewa na skima (kifaa kinachotoa uchafu kwa povu), lakini hata ikibaki robo tu, haba na haba hujaza kibaba. Basi pima chakula kwa mizani ndogo ya jikoni siku moja tu, uone unalisha kiasi gani. Wengi hushtuka. Lisha kile kinachokwisha ndani ya dakika moja, kisha subiri. Chakula cha barafu kiyeyushe, umwage maji yake, ila usitegemee makubwa kutokana na kukisuuza: fosfeti nyingi imo ndani ya nyama yenyewe.

Kisha ng'oa, maana mwani mrefu haumalizwi kwa kuunyima chakula peke yake. Chukua mpira wa milimita 12, anza kunyonya maji, na mdomo wa mpira uwe pale pale vidole vinapong'oa ili vipande visisambae na kwenda kuota kwingine. Upande wa pili wa mpira uingie kwenye soksi ya kuchujia ndani ya sampu (tangi la vifaa lililo chini), maji yarudi na mwani ubaki. Fanya nusu ya tangi wiki hii, nusu nyingine wiki ijayo. Konokono 15 hadi 20 aina ya Trochus wanatosha tangi lako, lakini waingie baada ya kung'oa. Wao hula machipukizi mafupi, manyoya marefu hawayagusi.

Jiwe linaloweza kutolewa nje litibu kwa haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 ya duka la dawa. Idondoshe juu ya mwani kwa bomba la sindano lisilo na sindano, subiri dakika 3 hadi 5, suuza kwenye ndoo ya maji ya tangi, lirudishe. Jiwe moja au mawili kwa wiki, yasizidi. Dawa isiguse tumbawe, na kama una kamba wa kusafisha uwe mwangalifu zaidi, huyo haivumilii. Mwani utapauka ndani ya siku chache.

Nina lita 200. Mita ilisoma 0.68. Nimebadilisha maji asilimia 20 mara tatu, ikashuka hadi 0.35, na baada ya siku tano imerudi 0.6. Maji mapya yana fosfeti 0. Inatoka wapi?
*Msomaji wa Kigamboni*

Kwenye mawe na mchanga. Miamba ya matumbawe na mchanga wake ni kalisi kaboneti, na fosfeti hushikamana na uso wake. Tangi lililoishi miezi mingi na fosfeti ya juu limeweka akiba humo. Ukishusha ya majini, mawe yanatoa yake mpaka pande mbili zilingane tena. Hesabu yako ya kubadilisha maji ni sahihi kabisa (0.68 mara 0.8, mara tatu, ni 0.35), ila ulikuwa unakausha sinia huku bomba liko wazi.

Hapa ndipo chembe za oksidi ya chuma, zinazouzwa kwa jina la GFO, zinapofaa. Dozi kamili ya aina ya kawaida ni kijiko kikubwa 1 kwa kila lita 15, yaani vijiko 13 hivi kwako. Usiziweke zote. Anza na 3. Zisuuze kwa maji ya RO (yaliyosukumwa kupita utando unaozuia chumvi) mpaka vumbi la kahawia liishe, ziweke kwenye riakta (chombo kinachopitisha maji katikati ya chembe), na urekebishe mkondo hadi chembe za juu zitikisike kidogo tu. Zikichemka kama uji zinasagana, vumbi linaingia tangini na kutua juu ya matumbawe. Kwa asiye na riakta, mfuko wa wavu kwenye sampu mahali penye mkondo mkali unafanya kazi, ingawa kwa uvivu.

Pima baada ya saa 24, kisha kila siku ya tatu. Lengo ni kufika 0.1 kwa wiki 6 hadi 8. Haraka ndiyo inayoua: matumbawe yaliyozoea 0.6 yakishushwa hadi 0.05 kwa siku mbili hupauka na ngozi kuanza kubanduka kuanzia chini. Pima pia alkalini (uwezo wa maji kuzuia pH isiyumbe), kwa sababu GFO huishusha kidogo. Ibaki kati ya 7.5 na 8.5 dKH (kizio cha alkalini) bila kuyumba. Maji yanayotoka kwenye riakta yakiwa na fosfeti sawa na ya tangi, chembe zimechoka. Kwako huenda za kwanza zikachoka ndani ya wiki moja kwa sababu ya akiba ya mawe. Hilo halimaanishi umeuziwa feki.

Wapo watakaokushauri lanthani kloraidi, ile ya mabwawa ya kuogelea. Inafanya kazi, na ni rahisi kwa bei. Lakini inageuza fosfeti kuwa unga mweupe laini sana, na unga huo ukifika kwenye matamvua ya samaki, hasa jamii ya kangaja, unaweza kuwaua. Anayeitumia huichanganya kwenye lita 1 ya maji ya RO na kuidondosha kwa saa kadhaa ndani ya soksi yenye matundu ya mikroni 5 (elfu tano za milimita) au kwenye mdomo wa skima. Kwa 0.68 hatuoni sababu ya kuhangaika nayo.

Mita yangu ya Hanna imesoma 33. Niogope?
*Msomaji wa Muscat*

Kama ni modeli ya HI736, hiyo ni sehemu 33 kwa bilioni za fosforasi, si fosfeti. Zidisha kwa 3.066, gawa kwa 1,000: unapata 0.10. Uko ukingoni mwa kiwango kizuri (0.02 hadi 0.1), usiguse kitu. Kumbuka mita hiyo ina kosa la angalau 5 juu au chini, kwa hiyo tofauti ya 33 leo na 30 kesho si habari. Tumia kichupa kile kile kuweka sifuri na kusoma, futa alama za vidole, tikisa unga wa kipimo dakika 2 kamili na uhakikishe hakuna kiputo kilichoganda kwenye kioo.

Shikamoo. Nimenunua chujio la RO lakini linatoa maji kama machozi, na mita ya TDS (chumvi na madini yaliyoyeyuka majini) inasoma 41. Maji ya nyumbani yanatoka kwenye simtanki juu ya mnara.
*Kijana wa Tanga*

Marahaba, mwanetu. Chujio halina ubaya, linakosa msukumo. Kila mita 10 za kimo hutoa bar 1. Simtanki likiwa mita 3 juu ya chujio, una bar 0.3, wakati utando wa RO unataka bar 3 hadi 4. Ule wa galoni 75 kwa siku (lita 284) umepimwa kwa bar 4 na joto la nyuzi 25. Chini ya hapo maji hupungua na uchafu unaopenya huongezeka, ndiyo maana ya hiyo 41. Funga pampu ndogo ya kuongeza msukumo ya volti 24 kati ya vichujio vya mwanzo na utando, pamoja na geji. Kichujio cha kaboni usisahau kukibadilisha kila baada ya miezi 6: klorini ikikipita, utando unaharibika na haurudi.

Mwishoni weka resini ya DI (chembe zinazonasa chumvi iliyobaki), TDS ifike 0. Ila usiiamini TDS kupita kiasi. Resini inapokaribia kuchoka, silika ndiyo huponyoka kwanza na mita haiioni. Dalili utaiona kwenye kioo, vumbi la kahawia la dayatomu (mwani mdogo unaotumia silika) linalofutika kwa kidole. Maji yanayotupwa, lita 3 au 4 kwa kila lita 1 safi, yafulie.

Huku Leicester maji ya bomba ni masafi, tunayanywa. Kwa nini nisiyatumie na dawa ya kuondoa klorini?
*Msomaji wa Uingereza*

Kwa sababu kampuni nyingi za maji Uingereza huongeza fosfeti makusudi, ili mabomba ya zamani ya risasi yapate utando na risasi isiingie majini. Kwa mnywaji ni kinga. Kwa tangi lako ni mbolea inayoingia kila unapofidia maji yaliyokauka. RO, hakuna njia nyingine.

Naishi Nyali, bahari iko mlangoni. Naweza kuchota maji huko?
*Msomaji wa Mombasa*

Unaweza, na ukichota vizuri ni bora kuliko chumvi nyingi za dukani. Chota wakati wa bamvua, maji yakiwa yanajaa, mbali na mdomo wa mto au mfereji wowote. Wakati wa masika na wiki mbili baada yake acha kabisa: mvua inashusha mbolea na maji ya vyoo ufukweni. Nyumbani pima chumvi kwanza (35 kwa elfu, chini ya 33 usitumie) na fosfeti, ikizidi 0.05, mwaga. Yachuje kwa mikroni 5, yaweke kwenye pipa la plastiki la chakula lenye kifuniko. Maji tu, lakini. Matumbawe magumu yote yamo katika orodha ya pili ya CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini), hivyo jiwe au tumbawe la kung'oa mwambani lisikaribie ndoo yako.

Nilitumia GFO dozi kamili, fosfeti na naitreti zote zikawa 0. Sasa mchanga una ute wa kahawia wenye mapovu, usiku unapungua, na konokono wanakufa. Lita 200.
*Msomaji wa Arusha*

Hizi karibu hakika ni dinoflajelati (vijiumbe vya seli moja), na umezikaribisha mwenyewe. Maji yakikosa chakula kabisa, mwani na bakteria washindani wao hudhoofika, nafasi inabaki kwao. Thibitisha hivi: nyonya ute kidogo kwenye chupa ya maji ya tangi, tikisa kwa nguvu mpaka uvurugike, chuja kwa karatasi ya kahawa, weka maji yaliyopita chini ya taa kwa saa moja. Ute ukijikusanya tena kuwa nyuzi, ndizo. Bakteria wa rangi ya zambarau, wanaotandaza zulia la utelezi, hawajirudishi hivyo. Vaa glovu na usirushe matone. Baadhi ya Ostreopsis, jamii mojawapo ya dinoflajelati, zina sumu kali.

Toa GFO leo. Acha kubadilisha maji. Kisha lisha maji yenyewe. Arusha una bahati, maana maduka ya mbolea yanayohudumia mashamba ya maua huuza unachohitaji: potasiamu naitreti (lebo 13-0-46) na monopotasiamu fosfeti (lebo 0-52-34), zile safi zisizoongezwa shaba wala madini mengine. Yeyusha gramu 16.3 za ile ya kwanza kwenye maji ya RO mpaka ifike lita 1: kila mililita ina miligramu 10 za naitreti, na mililita 100 zitapandisha tangi lako kwa 5. Ya pili gramu 1.43 kwa lita 1: mililita 10 zinapandisha fosfeti kwa 0.05. Kesho yake fosfeti itakuwa 0 tena, mawe yameimeza. Rudia kila siku hadi ibaki kati ya 0.05 na 0.1, na naitreti 5 hadi 10.

Omba dakika tano za hadubini kwenye maabara ya shule yoyote, ukuzaji mara 400. Umbo la mbegu ya tikiti linalozunguka kana kwamba limefungwa kamba ni Ostreopsis: hupanda majini usiku, hivyo taa ya UV (miale ya urujuanimno inayoua vijidudu) ya wati 18 hivi, mkondo wa polepole, ikivuta na kurudisha kwenye tangi la juu na si sampu, itazipunguza. Yai linaloteleza kwenye mchanga ni Amphidinium, jamii nyingine; hilo halipandi, UV ni hasara. Tegemea wiki 4 hadi 10, na katikati ya safari mwani wa kijani utatokea. Uache.

Nani anakula mwani vizuri, kangaja au chafi?
*Msomaji wa Zanzibar*

Chafi, au tasi mkimwita hivyo, anakula karibu kila aina. Lakini Siganus sutor wetu hupita sentimita 30, na miiba yake unaijua. Chini ya lita 600 usimfikirie, kangaja vilevile. Kwa tangi dogo rudi kwa konokono na vidole.