Vile vyuma vya kliniki ya miguu ni vya nini?

SWALI: Dokta shikamoo. Mama yangu ana kisukari, juzi nimempeleka kliniki ya miguu nikakuta trei imejaa vyuma, koleo, kisu kama cha upasuaji, kimashine kinachozunguka, halafu kuna kauzi wanamchomachoma nako kwenye nyayo. Mama kaogopa, anasema harudi, bora ninunue vifaa nimhudumie mwenyewe nyumbani. Ninunue vipi?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa mama. Nianze na huo uzi, maana kwa mwenye kisukari kwangu mimi ndio kifaa cha maana kuliko vyote pale kwenye trei. Ni nailoni tu, hauchomi, umetengenezwa ujikunje ukikandamizwa kwa nguvu ya uzito wa gramu 10, mgonjwa anafumba macho wanamgusa chini ya vidole na kwenye unyayo anasema nasikia au sisikii. Asiposikia ujue mishipa ya fahamu imeshaharibika, anaweza akakanyaga msumari akaendelea na safari yake. Mwambie mtaalamu amguse nao mkononi kwanza, hofu itaisha.

Koleo ni ya kucha nene, ina midomo mifupi na springi kwenye mpini, na haikati ukucha wote kwa mkupuo, inamega kidogo kidogo kutoka pembeni, kwa sababu ukucha mnene ukiubana kwa nguvu unapasuka mpaka kwenye nyama. Kile kimashine kinausaga uwe mwembamba, vumbi linaruka ndo maana wanavaa barakoa. Kisu ni cha sugu. Wanaiparua tabaka kwa tabaka, ngozi ile imekufa kwa hiyo akishika mwenye ujuzi haiumi, na mara nyingine chini ya sugu kuna kidonda kimejificha ambacho mama wala hakisikii!! Wembe wake ni wa mtu mmoja tu, ukishatumika unatupwa.

Cha kuuliza bila aibu ni usafi wa hizo koleo. Zinatakiwa zisuguliwe zioshwe, kisha ziingie kwenye mashine ya mvuke, nyuzi joto 121 kwa dakika 15 au zaidi, au 134 kwa dakika 3, na pakiti ifunguliwe mbele yenu. Kuchovya kwenye spiriti tu haitoshi jamani.

Nyumbani nunua tupa laini ya kucha, yake peke yake, na kioo cha mkononi cha kuangalia nyayo kila siku. Basi. Wembe wa sugu usinunue kabisa, wala zile plasta za kuondoa sugu, zina asidi na asidi haichagui sugu na ngozi nzima, mguu wenye ganzi unaungua kimyakimya. Ukiona wekundu, lengelenge au mchubuko, usingoje tarehe ya kliniki, mpeleke siku hiyohiyo.