Nakanyaga mara moja, sauti yaruka mbili

SWALI: Fundi, asalaam aleikum. Mimi napiga kinanda kwa kikundi cha taarab hapa Lamu, mtaa wa Langoni. Nilijitengenezea kiboksi cha swichi ya mguu cha kubadilishia sauti, ndani nimetia Arduino, kile kikompyuta kidogo cha kuandikia programu. Nikikanyaga inafaa iende sauti moja mbele lakini saa ingine yaruka mbili, juzi harusini nilikuwa natoka kwa fidla naenda kodiani nikajikuta kwa tarumbeta na bibi harusi ndo anaingia. Waya nimebadilisha zote, bado. Ninunue swichi nyingine?

JIBU: Waleikum salaam ndugu yangu, na pole sana kwa ya harusini. Swichi usinunue kwanza. Vile vyuma viwili vya ndani ukikanyaga havikutani vikatulia papo hapo, vinadunda kama mpira ulioangushwa sakafuni, vinagusana vinaachana vinagusana ndani ya milisekunde chache. Wewe husikii kitu, lakini Arduino yasoma pini, ule mguu wake uliounganishwa na swichi, maelfu ya mara kwa sekunde na kila mdundo yahesabu umekanyaga tena.

Sasa jaribu hili, manake wengi hawaangalii: kanyaga, shikilia, hesabu mpaka tatu, halafu inua mguu polepole. Sauti ikiruka wakati wa kuinua ujue vyuma vinadunda pia vikiachana, na programu yako hapo haina kinga.

Watu huandika programu ingoje milisekunde 50 kwanza ndo ibadilishe. Yafanya kazi, ila kwa mpiga muziki mimi siipendi kabisa, kidole chako kishagusa noti na sauti bado ni ile ya zamani. Afadhali ibadilishe pale pale kwa mguso wa kwanza, halafu ijizibe masikio, isikubali mguso mwingine mpaka swichi iwe imekaa wazi milisekunde 30 mfululizo bila kuguswa hata kidogo. Hivyo mdundo wa kukanyaga na wa kuinua yote inapita bure na wewe huhisi kuchelewa.

Na tia kapasita pia, kile kidude cha kuweka umeme kidogo. Ya 1 µF kutoka pini hadi graundi (upande wa hasi), rizista (kizuizi cha umeme) ya 10k, yaani om elfu kumi, kutoka pini kwenda volti 5, hizo mbili zakupa kama milisekunde 10 za kutuliza. Waya wa swichi usiulehemu moja kwa moja kwa kapasita, pitishia rizista ya 1k, la sivyo kila ukikanyaga kapasita yamwaga umeme wake wote kwa mpigo na vyuma vitalika pole pole.

Lakini kabla ya hayo yote fungua kiboksi uangalie miguu ya swichi. Kwetu huku hewa ni ya chumvi, na ukiona ukungu wa kijani pale kwenye shaba basi na ndani huenda pako hivyo hivyo, na vyuma vichafu vinayumba zaidi. Puliza dawa ya kusafishia swichi, si mafuta ya baiskeli tafadhali, kanyaga mara ishirini thalathini, acha ikauke.

Ukimaliza toa waya zake, weka mita ya kupimia om, kanyaga na ushikilie: yafaa isome chini ya om moja na itulie. Ikipandapanda, hapo ndo imekwisha, nunua, na uulize ile inayorudi ukiachia, si ile ya kubofya ikabaki.