Maswali na Majibu: Maji Mazito, Theluji na Risasi Ambazo Hazikufyatuliwa

Wasomaji kadhaa wameuliza kuhusu The Heroes of Telemark, filamu ya mwaka 1965 iliyoongozwa na Anthony Mann, ambamo kikundi kidogo cha Wanorwei kinapenya kwa siri katika kiwanda kinacholindwa na jeshi la Ujerumani, lililokuwa limeivamia Norwei mwezi Aprili 1940. Maswali yao ninayajibu hapa moja baada ya jingine.

Swali: Je, kisa hiki ni cha kweli au kimetungwa?

Jibu: Mifupa ni ya kweli, lakini nyama nyingi zimeongezwa na watunzi. Kiwanda cha Vemork, karibu na mji wa Rjukan katika eneo la Telemark, kilikuwepo, na shambulio lilifanyika usiku wa kuamkia tarehe 28 Februari 1943. Knut Straud, anayeigizwa na Richard Harris, amechorwa kwa kumfuata Knut Haukelid, ambaye kweli alishiriki. Mwanafizikia Rolf Pedersen, anayeigizwa na Kirk Douglas, hakuwahi kuishi. Anayemkaribia kwa mbali ni Profesa Leif Tronstad, mwanakemia aliyesaidia kubuni mtambo wa maji mazito, akakimbilia Uingereza na kuwapa wapangaji wa shambulio picha kamili ya jengo. Mapenzi yanayofufuka kati ya Pedersen na aliyekuwa mke wake ni ya kubuni, nami nayaona kuwa sehemu inayoichosha filamu nzima.

Swali: Maji mazito ni nini hasa, na kwa nini watu wayafie?

Jibu: Ni maji ambayo hidrojeni yake ni ya aina iitwayo deuteri, yenye nyutroni moja ya ziada katika kiini cha atomu, na kwa sababu hiyo uzito wake huzidi ule wa maji ya kawaida kwa takriban asilimia 10. Katika tanuri la nyuklia hupunguza kasi ya nyutroni ili ziendelee kupasua atomu za uraniamu, na tanuri la namna hiyo linaweza kuzalisha plutoniamu ya kutengenezea bomu. Grafiti safi hufanya kazi hiyohiyo, na Wamarekani waliitumia Chicago mwezi Desemba 1942, lakini wanasayansi wa Ujerumani walikuwa wameshafikia uamuzi kwamba grafiti haifai, wakabaki kuyategemea maji mazito. Vemork ilikuwa nayo kwa sababu umeme wa maporomoko ulikuwa mwingi na wa bei nafuu, ukitumika kuyachanganua maji ili kupata hidrojeni ya kutengenezea mbolea, na katika kazi hiyo deuteri hubaki nyuma kidogo kidogo.

Swali: Katika filamu za aina hii milio ya risasi haikatiki. Kweli mtambo ulilipuliwa bila mtu hata mmoja kufa?

Jibu: Kweli kabisa, na hapa ndipo historia inapoipita filamu. Daraja lililoning'inia juu ya korongo, ambalo ndilo lililokuwa njia ya kawaida ya kukifikia kiwanda, lilikuwa na walinzi wa Kijerumani. Kwa hiyo washambuliaji tisa waliteremka hadi chini ya korongo, wakavuka mto ambao barafu yake ilikuwa imeanza kuyeyuka, kisha wakaupanda ukingo wa pili gizani mpaka wakaifikia njia ya reli iliyoingia kiwandani. Watano walibaki nje kuwachunga walinzi waliokuwa katika kibanda chao, na wanne wakaenda kutega vilipuzi wakiongozwa na Joachim Rønneberg, kijana wa miaka 23, ambaye yeye na mwenzake mmoja waliingia kwa kutambaa katika upenyo mwembamba uliopitisha nyaya.

Mlinzi wa zamu aliyekuwa ndani, Mnorwei mwenzao, aliwasihi wasiwashe utambi kabla hajaipata miwani yake, kwa maana miwani mingine ingekuwa vigumu kupatikana wakati wa vita, nao wakaitafuta, ingawa kila dakika iliyopita iliwaweka hatarini. Utambi wa dakika mbili waliukata ubaki wa sekunde 30 ili wahakikishe kwa masikio yao kwamba mtambo umelipuka. Hata hivyo mlipuko wenyewe ulifunikwa na kuta nene na mngurumo wa kiwanda, kiasi kwamba askari mmoja wa Kijerumani alitoka na tochi, akaujaribu mlango wa jengo, akaangaza huku na huku, kisha akarudi alikotoka, huku silaha za waliojificha zikimlenga kutoka karibu sana. Takriban kilo 500 za maji mazito zilikuwa zimeshapotea. Mimi naamini kwamba taharuki ya operesheni ya siri imo katika kidole kilicho juu ya kifyatulio na kisichokivuta, na waongozaji wengi hawana subira ya kumwacha askari wa namna ile arudi ndani akiwa hai.

Swali: Ikiwa kazi ilikuwa ya siri, kwa nini walivaa sare za jeshi la Uingereza?

Jibu: Walitaka adui aamini kwamba waliofika ni wanajeshi wa Uingereza, ili wakazi wa Rjukan wasilipiziwe kisasi, na kwa sababu hiyohiyo waliiacha makusudi bunduki ya rashasha aina ya Thompson. Sare haikuwahakikishia usalama wowote wao wenyewe. Amri ya Hitler ya tarehe 18 Oktoba 1942 iliagiza makomando wauawe hata wakiwa wamevaa sare, na mwezi Novemba mwaka huohuo wahandisi wa kijeshi wa Uingereza waliotumwa Vemork kwa ndege zisizo na injini walianguka kabla ya kufika, na walionusurika wakauawa na Wajerumani.

Swali: Zile mbio za skii, yaani za kuteleza thelujini kwa mbao ndefu miguuni, zinazoonekana katika filamu si mbwembwe za sinema tu?

Jibu: Hapana. Claus Helberg, mmoja wa washambuliaji, alikimbizwa na askari wa Kijerumani katika nyanda za juu za Hardangervidda wiki chache baadaye, hadi wakabaki wawili tu wakitazamana na bastola mkononi. Wenzake watano walikuwa wameshateleza takriban kilomita 400 hadi Sweden.

Swali: Mwishoni kivuko kinazamishwa kikiwa na abiria. Je, na hilo lilitokea?

Jibu: Lilitokea, na filamu imelilainisha. Uzalishaji ulirejea baada ya miezi michache, ndege za Marekani zikaishambulia Vemork tarehe 16 Novemba 1943, na Wajerumani wakaamua kuhamishia Ujerumani maji mazito yaliyosalia. Haukelid alitega bomu katika kivuko kilichoitwa Hydro, ambacho kilizama katika kina kirefu cha ziwa Tinnsjå tarehe 20 Februari 1944. Watu 18 walikufa, 14 kati yao wakiwa Wanorwei. Siku hiyo ilikuwa Jumapili, iliyochaguliwa kwa kuwa abiria wangekuwa wachache, lakini kuwaonya kungeifichua njama yote. Katika filamu, Pedersen anapanda kivukoni na kuwasaidia watoto wanusurike. Kwa kumpa mtazamaji faraja hiyo, watunzi wamemnyima swali gumu kuliko yote katika kisa hiki, yaani jinsi mtu anavyoamua kuwatoa mhanga raia wenzake wasiojua lolote.

Swali: Je, bila watu hawa Hitler angelipata bomu?

Jibu: Wanahistoria wengi wanaona kwamba Ujerumani ilikuwa mbali sana na bomu hata vita vilipokwisha mwaka 1945. Lakini mwaka 1943 hakuna aliyekuwa London aliyeweza kulijua hilo kwa uhakika, na ni kwa hofu ya wakati ule kwamba uamuzi wao unapaswa kupimwa.

Swali: Kuna filamu nyingine ya kisa hiki?

Jibu: Ipo Kampen om tungtvannet ya mwaka 1948, iliyotengenezwa kwa ushirikiano wa Norwei na Ufaransa, ambamo baadhi ya washambuliaji wanajiigiza wenyewe. Uigizaji wao ni mkavu, lakini watu wanaoonekana wakiteleza thelujini ni walewale walioteleza miaka mitano kabla, na kwa sababu hiyo ningeanza na hiyo kabla ya ile ya Kirk Douglas.