Karani wa Usajili Asiwe Peke Yake Anayeujua Waraka

Wiki iliyopita mkuu wa shule moja binafsi huko Kanda ya Ziwa aliniandikia ujumbe mrefu. Karani wake wa usajili amebainika kupokea fedha za wazazi kwenye simu yake ili kuwapatia watoto nafasi, na mwenye shule ameagiza kijana ahamishiwe stoo mpaka mambo yapoe. "Madam, wewe uliwezaje?" ndivyo alivyomalizia. Nimeona nijibu hapa, maana msimu wa kuandikisha umefika, na najua kila anayeongoza shule anatamani wazazi wapange foleni getini kwake kwa sababu ya jina jema.

Nilipokabidhiwa shule ninayoiongoza hapa Morogoro, ofisi ya usajili ilikuwa ya mtu mmoja. Mwepesi wa kazi, mcheshi, anajua jina la kila mzazi. Barua zote kutoka halmashauri zilipitia kwake na ndiye aliyezifungua. Kila nilipouliza kama kuna waraka mpya, jibu lilikuwa lilelile: "Hakuna, mama, kimya tu."

Mwanzoni mwa mwaka 2022 mama mmoja alikuja, akasubiri kwenye benchi mpaka nikatoka darasani. Binti yake alikatiza masomo kidato cha pili kwa ujauzito. Amejifungua, bibi amekubali kulea, binti anataka kusoma. Karani alishamwambia kwamba serikali imewapiga marufuku mabinti wa namna hiyo, ila yeye ana njia yake, alete laki mbili. Mama alikuwa na laki moja. Alikuja kwangu kuomba apunguziwe, kwa sababu aliamini ni ada halali ya shule.

Sasa sikilizeni. Tarehe 24 Novemba 2021, aliyekuwa Waziri wa Elimu, Profesa Joyce Ndalichako, alikuwa ameshatangaza kwamba wanafunzi waliokatiza masomo, wakiwemo waliojifungua, waruhusiwe kurudi, na Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka huo ukatoka. Kabla ya hapo mabinti walikuwa wakiondolewa kwa kutumia kanuni za mwaka 2002 za kufukuza wanafunzi, kwa hiyo mzazi wa kawaida alikuwa na kila sababu ya kumwamini karani. Nakala ya waraka niliikuta kwenye droo yake, imepigwa muhuri wa kupokelewa. Alikuwa ameusoma. Pale shuleni hakuna aliyeujua kuliko yeye.

Nafasi za wanafunzi zilikuwepo tele. Alichokuwa akiuza ni haki ambayo mzazi hakujua kwamba anayo. Ndiyo maana nasema uaminifu wa ofisi ya usajili na kwenda na wakati katika kanuni ni jambo moja. Zile siku kati ya waraka kufika shuleni na mzazi kuusikia ndizo duka la karani asiye mwaminifu, na kila kanuni inapobadilika duka linaongezewa bidhaa.

Yule binti nilimwandikisha siku ileile. Amemaliza kidato cha nne, amefaulu, na nitaendelea kulitaja hilo kwa fahari.

Karani nikampeleka mbele ya bodi. Mjomba wake alikuwa mjumbe. Nikaambiwa naziba riziki za watu, nikaitwa mwanamke mwenye roho mbaya, na walimu niliokuwa nakula nao chakula cha mchana wakahamia meza nyingine. Mwishowe aliondoka. Leo shule imejaa, na baadhi ya walionisema wananipongeza kwenye mikutano, lakini maneno yale bado yananiuma. Ukiamua kusafisha ofisi hii, jiandae kubaki peke yako kwa muda.

Kwa hiyo, mwenzangu, waraka usomwe hadharani. Siku unapofika, bandika nakala kwenye ubao wa matangazo getini, pamoja na orodha ya malipo yote, na chini yake 113, namba ya bure ya TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa. Msimu wa usajili, kila Jumatatu kabla ya kengele tunakaa mimi, mhasibu, watu wa usajili na mwalimu wa taaluma. Mmoja anasoma, mwingine anaeleza alichoelewa. Nyaraka za kwenye magrupu ya WhatsApp hatuzifanyii kazi mpaka tuzithibitishe kwa Afisa Elimu au Mthibiti Ubora wa Shule. Malipo ni benki tu. Mtihani wa kujiunga unasahihishwa kwa namba, jina halionekani. Na narudia, waraka usomwe hadharani.

Penye hatari kubwa ni uhamisho. Mtoto anayehama lazima ahamishwe pia kwenye PReM, mfumo wa Baraza la Mitihani wa kutunza kumbukumbu za wanafunzi. Karani mwenye tamaa humkalisha mtoto darasani, akachukua chake, na jina likabaki shule ya zamani. Mzazi anakuja kugundua wakati wa kusajili upimaji wa darasa la nne au mtihani wa darasa la saba, na hapo anatozwa tena ili "afuatiliwe". Kwangu mtoto hapewi dawati mpaka nimeona mwenyewe kwamba jina lake limehamia kwetu.

Na mabadiliko hayajaisha. Januari 2024 mitaala mipya ilianza, kidato cha kwanza kikawa na mkondo wa jumla na wa amali, yaani wa ufundi. Februari 1, 2025 ikazinduliwa Dodoma Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, yenye elimu ya lazima ya miaka 10: sita ya msingi na minne ya sekondari. Mzazi ana maswali. Karani asiyejua jibu atabuni, na akibuni mara mbili bila kushtukiwa, ya tatu atatoza. Ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, lakini bado nakuta shule ambazo picha za vyeti vya kuzaliwa vya watoto zimejaa kwenye simu za makarani. Ndugu zangu, mtoto wa mwenzio ni amana, na amana haikai kwenye simu ya mtu.

Kuhusu kijana wako: stoo hapana. Huko kuna sare na madaftari, na wazazi watamfuata hukohuko. Msimamishe kwa barua, achukuliwe maelezo, waite wazazi waliolipa mmoja mmoja na warudishiwe fedha zao, kisha peleka taarifa TAKUKURU. Mwenye shule akisema shule ni yake na mambo yaishie ndani, mfungulie kifungu cha 15 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, kile cha kutoa na kupokea rushwa. Kinamgusa pia mwajiriwa wa shule binafsi.