Picha "kuwa" sauti au "kwa" sauti?

SWALI: Naandika maelekezo ya SoX, programu ya sauti inayoendeshwa kwa kuandika amri. Nimesema: "Amri hii inabadilisha picha kwa sauti." Mwenzangu anasisitiza "kuwa sauti". Nani yuko sahihi?

JIBU: Mwenzako. Ukibadilisha kitu kwa kitu, unatoa kimoja unapokea kingine: shilingi kwa dola, mahindi kwa samaki. Sentensi yako inampeleka msomaji sokoni. Tena "kwa" hutaja pia chombo kinachotumika, hivyo yupo atakayeelewa kwamba sauti ndiyo inayoibadilisha picha, kinyume kabisa cha ulichokusudia. "Kuwa" haina utata huo. Unaweza pia kusema "geuza picha iwe sauti", na zikiwa nyingi, "geuza picha ziwe sauti". Wengi hujisahau hapo kwa sababu neno lenyewe halibadiliki katika wingi.

Mimi ningechagua "kugeuza". "Badilisha picha", kwa mtu aliyezoea simu, maana yake ni toa hiyo weka nyingine.

Ila kabla hujachapa, itazame amri yenyewe:

sox -t raw -r 44100 -e unsigned-integer -b 8 -c 1 picha.raw sauti.wav

Hapa hakuna kilichogeuzwa! SoX imeambiwa tu ihesabu kila baiti ya picha (baiti ni namba moja ndogo ndani ya faili) kuwa kipimo kimoja cha sauti, vipimo 44,100 kwa sekunde. Picha ya kijivu yenye nukta 1,000 kwa 1,000, kila nukta baiti moja, itakupa karibu sekunde 23 za makelele. Baiti ni zilezile, zimeongezewa tu maelezo mafupi mwanzoni mwa faili jipya, na faili la picha linabaki lilivyokuwa. Kwa kazi hiyo hata sentensi ya mwenzako, iliyonyooka kisarufi, inapotosha kidogo. Andika: "Amri hii inasoma picha kama sauti." Hiyo "kama" ndiyo inayosema kinachotendeka.

ARSS, programu nyingine ya kuandika amri, hufanya kazi tofauti. Huipitia picha kutoka kushoto kwenda kulia kana kwamba upana wake ni muda. Nukta iliyo juu hutoa sauti nyembamba, ya chini nzito. Iliyong'aa husikika kwa nguvu, nyeusi hunyamaza. Mstari unaopanda kwenye picha utausikia ukipanda. Hapo pana hesabu ya kweli katikati, na "inageuza picha kuwa sauti" inakaa sawasawa.

Jambo la mwisho, hukuliuliza: faili linalopatikana usiliite "sauti ya picha". Picha ni filamu pia, na msomaji atadhani unazungumzia sauti ya sinema. "Sauti iliyotokana na picha" ni ndefu, lakini iache hivyo hivyo.