Kinachobaki kabla ya kutetea tasnifu

Ndugu yangu, umeuliza kinachobaki kabla ya kutetea tasnifu yako ya uzamivu kuhusu wakulima wa korosho Tandahimba, mkoani Mtwara. Barua za vibali, kuanzia ya chuo na ya Katibu Tawala wa Mkoa hadi ya mtendaji wa kijiji, ziingie kwenye viambatisho.

Kazi kubwa ni sura ya mbinu za utafiti. Hapo ndipo watahini hubana. Watakuuliza: kwa nini vijiji hivi na si vya wilaya jirani ya Newala? Ukijibu “viko karibu na barabara” bila kigezo kingine, umejikaanga. Kama ulihoji Oktoba, watu wakiwa mashambani kuokota korosho, taja ni kina nani uliowakosa nyumbani. Maswali uliyouliza kwa Kimakonde yaambatanishe pamoja na tafsiri yake.

Baada ya utetezi, masahihisho yapangie jedwali: hoja ya mtahini, ulichobadilisha, ukurasa.