Unapoanza kuisoma dola ya Jochi, anza na sarafu

Wengi wanaoniuliza namna ya kuingia katika historia ya Horda ya Dhahabu, yaani Ulus wa Jochi, dola ya Wamongolia wa ukoo wa Jochi mwana wa Chinggis Khan kwenye nyika za mto Volga, huja wamejaa vita vichwani: jeshi la Batu, mwana wa Jochi, la 1236 hadi 1242, miji ya Rus (Urusi ya kale) ikiteketea, pigano la Warusi na Horda huko Kulikovo mwaka 1380. Vita hivyo vilikuwepo na viliua watu wengi. Lakini ukianzia hapo utakwama mapema, maana karibu kila ukurasa utakaousoma umeandikwa na mtu wa nje. Watawa wa Rus waliandika kama watu waliokuwa wakitozwa kodi. Willem wa Rubruck, aliyepita huko mwaka 1253, alikuwa mtawa wa Kilatini aliyetaka kubatiza. Makatibu wa Misri waliandika kuhusu mshirika wao. Waandishi wakubwa wa Uajemi walitumikia ukoo wa Hülegü, Wamongolia waliotawala Uajemi, ambao tangu 1262 ulikuwa vitani na Berke, khan (mtawala) wa Horda ya Dhahabu. Nyaraka za makhan wenyewe zimepotea karibu zote. Ndiyo maana nawaambia vijana: anza na kitu ambacho dola ilikitengeneza yenyewe na kukitia jina lake.

Chukua dirhamu ya Özbeg, khan aliyetawala 1313 hadi 1341. Ni kipande kidogo cha fedha, gramu moja na nusu hivi. Upande mmoja una jina la khan na cheo chake cha sultani, upande wa pili mahali ilipopigwa na mwaka wa Hijria. Kama ulipita chuo cha Kurani ukazijua herufi za Kiarabu, tayari una mtaji ambao wanafunzi wengi wa Ulaya huutafuta kwa miaka. Ila usitegemee maandishi safi kama ya msahafu. Mara nyingi nukta hazipo, na muhuri ulikuwa mpana kuliko sarafu yenyewe, kwa hiyo neno linakatikia ukingoni. Tafuta kwanza jina la mji: meno ya sin, kisha ra, alif na ya. Ukiipata Saray, yaani Sarai, mji mkuu wa dola hiyo, maneno mengine yatajipanga kuizunguka.

Mwaka nao una hesabu yake. Ukisoma 737, zidisha kwa 0.97 halafu jumlisha 622, utapata karibu 1337. Hayo ni makadirio tu. Kwenye kalenda, mwaka huo ulianza Agosti 1336 ukaisha Julai 1337, basi andika 1336/37. Usichague mmoja kwa kubahatisha.

Faida ya mwaka huo ataijua zaidi mtu wa pwani yetu. Sarafu za shaba za masultani wa Kilwa zina majina lakini hazina tarehe, na kuzipanga kwa zamu ni kazi ngumu kwelikweli. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, enzi ya al-Hasan bin Sulaiman, na miaka michache baadaye alikuwa kwenye kambi ya Özbeg. Anaieleza kambi hiyo kuwa mji mkubwa unaotembea na watu wake, wenye misikiti na masoko, moshi wa majiko ukipaa hewani huku msafara ukiendelea. Mimi namwamini hapo, lakini angalia tatizo analomwachia mwanaakiolojia: mji wa namna hiyo hauachi kuta.

Kuta ziko chini kwenye bonde la Volga, kando ya mkono wake unaoitwa Akhtuba. Utakutana na majina mawili ya magofu kila siku, Selitrennoye na Tsarev. Kwa muda mrefu walimu walifundisha kwamba Selitrennoye ndiyo Sarai ya Batu na Tsarev ndiyo Sarai Mpya, ile Saray al-Jadid ya kwenye sarafu. Wataalamu wa sarafu wameupinga mgawanyo huo, kwa kuwa Selitrennoye vitu vya wakati wa Batu ni haba mno. Usiyabebe majina hayo kama yamekwisha kuthibitishwa.

Ukipewa nafasi ya kuchimba, nyumba zitakufundisha kuliko majumba ya wakubwa. Ndani utaona benchi la udongo limezunguka kuta, mfano wa baraza iliyoingizwa chumbani. Chini yake kuna mifereji: moshi wa jiko unapita humo, unapasha benchi joto, kisha unatoka kwa bomba. Mtindo huo ulitoka mashariki, Mongolia na China. Kwenye majengo ya fahari ya mji huohuo utaokota vigae vya rangi ya feruzi vya ufundi wa Khwarazm, nchi ya Asia ya Kati. Hapo ndipo utakapowaona watu wa Sarai walivyochanganyika, bila kumsubiri mwandishi yeyote akueleze.

Mara nyingi, hata hivyo, utakuta mtaro mtupu mahali palipokuwa na ukuta. Matofali yaling'olewa, na mengi yalipelekwa kujenga ngome ya Astrakhan karne ya 16. Mtaro huo uchore kwa uangalifu uleule wa ukuta. Mchimbaji wa Kirusi Tereshchenko alichimba Tsarev kuanzia 1843 hadi 1851 akatoa vitu vingi na vizuri, lakini kumbukumbu za mahali kila kimoja kilipolala ni pungufu. Inaniuma kila ninapoviona.

Kwa sababu hiyohiyo, usinunue sarafu mtandaoni hata kama ni rahisi. Nyingi hufukuliwa na watu wenye vigunduzi vya metali, na ikishatoka hivyo haijulikani tena ilitoka nyumba gani wala tabaka gani la udongo. Jihadhari na picha pia: lile jiji la udongo wenye mapambo linalosambazwa kuwa ni Sarai ni jukwaa la filamu lililojengwa karibu na Selitrennoye.

Kirusi hakikwepeki, kianze leo. Na zoezi la kwanza ninalompa mgeni ni miaka ya 1359 hadi 1380, makhan walipopinduana mfululizo, wengine wakikaa miezi tu. Panga sarafu zao kwa mji na mwaka kwenye karatasi moja kubwa, kabla hujafungua kitabu chochote kinachosimulia fujo hizo.